Kilabu cha Marangu na ubishi wa shemeji

Mimi ni mtu wa Iringa, na kwetu pombe ni ulanzi. Mvua zikianza, mianzi michanga inakatwa ncha, mbeta, kopo la mwanzi, inafungwa pale, na mgema anapita asubuhi na jioni kukinga kilichodondoka na kukwangua upya. Ukiunywa siku hiyohiyo ni mtamu kama togwa. Ukiuacha unachacha na kuwa mkali, ndio mkangafu, na hapo kila mtu anajibeba mwenyewe. Kwa malezi hayo, vilabu nina maoni navyo. Kwa hiyo shemeji yangu, Mchagga wa Marangu, aliposema mbele za watu kwamba Wahehe tunakunywa maji ya mianzi halafu tunajiita wanywaji, nikamwambia basi anipeleke kwao nikaone hicho kinachoitwa mbege, pombe yao ya ndizi.

Tuliondoka Dar alfajiri, Julai, ulanzi wa kwetu ukiwa umeshakauka. Chalinze, Segera, Korogwe na mashamba yake ya mkonge, halafu ile sehemu ndefu ya Same ambako abiria wote wanalala. Tulishuka njia panda ya Himo jioni. Pale barabara inagawanyika: moja inaenda Holili na Kenya, nyingine inapanda mlimani. Shemeji akasema tupate moja kwanza.

Baa tuliyoingia ilikuwa na kila kitu. Runinga kubwa ukutani, friji za vioo, jiko la nyama choma nje, mhudumu aliyeuliza “ya moto au ya baridi?” kabla hatujakaa. Ilikuwa na spika pia, mbili, kila moja inanifika kifuani. Shemeji alikuwa ananieleza habari za mgogoro wa shamba kwao, mimi naitikia kwa kichwa bila kusikia neno. Meza ya jirani walikaa vijana wanne, kila mmoja na chupa yake na simu yake. Siwalaumu; mahali pale pamejengwa mtu asiongee. Ukiongea hunywi, na usipokunywa mwenye baa hauzi. Tulimaliza nyama tukapanda Hiace ya Marangu Mtoni.

Asubuhi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilijitokeza dakika chache, ikajifunika. Baridi ilikuwa ya kwetu kabisa, ya Mufindi, nikajisikia nyumbani. Jumapili hiyo kengele za kanisa ziligonga, watu wakapita na suti zao kwenye njia nyembamba kati ya migomba na mibuni. Mifongo inapita pembeni, mifereji ya maji ambayo babu zao waliichimba kutoka mitoni juu huko, na mpaka leo kila ukoo unajua zamu yake ya kumwagilia. Baada ya ibada suti zilezile zilielekea upande mmoja. Tukazifuata.

Kilabu chenyewe kilikuwa banda la mbao na bati nyuma ya nyumba ya mama mmoja, hakina jina wala tangazo. Mabenchi yamezunguka kuta zote nne, kwa hiyo ukikaa unatazamana na kila mtu. Huwezi kujificha. Ukutani kulikuwa na kalenda ya kanisa na kibao kilichoandikwa “Kukopa harusi, kulipa matanga”, na chini ya kibao hicho kulikuwa na daftari la wadaiwa, limejaa.

Nilikwenda uani kuona pombe inavyotengenezwa, maana sinywi kitu nisichokijua. Ndizi zilizoiva kabisa zinamenywa na kuchemshwa saa nyingi mpaka zinakuwa nyekundu, halafu zinaachwa siku kadhaa zichache, ndipo zinakamuliwa na kuchujwa. Pembeni kuna ulezi ulioloweshwa ukaota, ukakaushwa, ukasagwa. Huo unapikwa uji pamoja na magome ya msesewe, mti mchungu ajabu. Nilipewa kipande nitafune, nikatema mara tatu. Uji ukipoa unachanganywa na maji ya ndizi, na kesho yake watu wanakunywa. Kesho kutwa imechachuka, na siku inayofuata hata mwenye shida haigusi. Haiwekwi kwenye chupa ikasubiri wateja, kwa sababu inaendelea kuchemka yenyewe.

Hapo ndipo nilipoanza kuuelewa ubishi wa shemeji. Mama wa kilabu kile hapiki kila siku. Anapika Jumamosi, anauza Jumapili. Jirani wa chini anauza Jumatano, wa ng'ambo ya mto ana siku yake. Pombe isiyosubiri inawalazimisha watu waje siku moja, saa moja, wakae pamoja, kisha iishe. Ulanzi nao uko hivyohivyo, lakini sikuwahi kuutazama kwa jicho hilo. Baa ya Himo ina bia tangu asubuhi mpaka usiku wa manane, kwa hiyo hakuna saa ambayo mtu ana sababu ya kumkuta mwenzake.

Mama alileta kata, kibuyu kilichopasuliwa kikabaki na mpini, imejaa mpaka ukingoni. Akanywa yeye kwanza, funda moja la kweli mbele yetu sote, ndipo akampa mzee aliyekaa kwenye kona. Kwao muuzaji asipoonja hunywi, maana huwezi kujua ametia nini. Mzee akapuliza pumba za ulezi zilizoelea juu, akavuta taratibu, akajifuta masharubu kwa kiganja, akampa wa pili. Ilipofika kwangu nikawaamkia wazee wote kwa mara nyingine, nikapuliza kama nilivyoona. Ni nzito, karibu uji, inaanza na utamu wa ndizi na kuishia na uchungu wa msesewe nyuma ya ulimi. Nilikunywa zaidi ya funda moja na hakuna aliyenisema.

“Huko kwenu mnakunywaje?” mzee wa kona akauliza.

“Kwa kopo la lita, mzee. Nalo linazunguka.”

“Basi ninyi ni watu.”

Shemeji hakupenda.

Upande wa mlangoni walikaa wazee wawili waliokuwa hawaongei. Niliambiwa kwa sauti ya chini kwamba mmoja alifungulia mfongo usiku, zamu isiyo yake, na migomba ya mwenzake ikakauka. Kesi ilikuwa imeanza kuelekea kwa mwenyekiti wa kijiji. Mama alipofika kwao hakuwaletea kata mbili. Alileta moja, akaonja, akampa yule aliyekosewa. Yule akanywa, akaishikilia. Benchi zima likaendelea kuongea habari za bei ya kahawa, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, kila mtu anatazama kwingine na kuona kila kitu. Mwishowe akampa mwenzake bila kumwangalia. Mwenzake akapokea kwa mikono miwili.

Hawakukumbatiana. Baada ya muda nilisikia wanatukanana kuhusu jiwe la kuzibia maji, ambayo ni hatua. Shemeji akaniambia kesi kubwa inataka jani la sale, ambalo kwao ni la kuombea msamaha, na pipa zima la mbege ukoo ukiwa umekaa. Hii ya maji ilikuwa ndogo, kata ilitosha kuianza.

Nilimwona mama yule akifanya kazi nyingine ambayo kwenye baa hufanywa na mlinzi. Kijana mmoja alikuja macho mekundu, ananuka gongo. Alimwambia tu, “Wewe leo nenda kwa mama yako ukale,” akamrudishia hela yake. Kijana akaondoka. Mzee wa kona akasema enzi za viroba, pombe kali ya vipakiti, kabla serikali haijavipiga marufuku Machi 2017, vijana wa namna hiyo walikuwa wengi na wanalewa peke yao vichakani, kimoja mfukoni, kingine mdomoni. Sisemi mbege haileweshi. Nimeona mtu akishikilia mgomba kama anacheza naye muziki. Lakini alishikilia mgomba wa jirani yake, na jirani alimpeleka nyumbani.

Saa kumi na moja ndoo ya mwisho ilikwanguliwa. Mama akaipindua juu chini tuione, akatangaza Jumatano ni kwa jirani wa chini, na kwamba wanaodaiwa wasidhani huko daftari halifiki. Watu wakacheka, wakatafuta kofia zao.

Shemeji alitaka nikiri mbele ya wazee kwamba mbege inaushinda ulanzi. Nikamwambia aje Iringa Februari, mvua zikiwa zimekolea, ndipo tuongee. Nauli juu yake. Mzee wa kona akauliza kama kwenye basi hilo kutakuwa na nafasi ya mtu wa tatu.