Wakamvua Nguo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimekwama kwenye maneno mawili ya Luka 10:30, kwenye mfano wa Msamaria Mwema: "wakamvua nguo". Habari za kuhani na Mlawi tumezihubiri sana, lakini yule aliyelala njiani alikuwa mwanaume mzima aliyezidiwa nguvu na kuachwa uchi. Msamaria hakumuuliza kwa nini hakupigana.

Sisi tunauliza. Mvuvi akibakwa dagoni, yaani kambini kwa wavuvi, au kijana wa bodaboda akiingiliwa kwa nguvu, la kwanza kusikia ni, "Mwanaume mzima, ilikuwaje?" Anafunga mdomo, na saa zinakwenda. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa ya mapema ina faida, kisha zimezwe kila siku kwa siku 28. Aliyetendewa Jumamosi jioni akazibwa mdomo na kicheko chetu, Jumatano dawa hizo hazimfai tena.

Wachungaji na wazee wa kanisa, hapa nasema nanyi. Kwa hofu kali mwili huganda na sauti hukauka. Uume unaweza kusimama, hata kutoa shahawa, kwa kuguswa tu, bila ridhaa. Asiyelijua hili hudhani alitaka, na ninyi mkimwambia atubu mnamjeruhi mara ya pili. Atubu nini? Dhambi ni ya aliyemvua nguo!

Mara nyingi hasemi kabisa. Utaona tu hataki tena kuoga na wenzake, halali, anafoka, anazama kwenye uraka, pombe ya mabibo. Mkae wawili, faragha. Akifunguka, mwambie: "Pole, ndugu yangu. Nakuamini. Hukukosa." Kisha nyamaza umsikilize.

Kama ni juzi au jana, asioge wala kufua. Nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki hufungia unyevu, ukungu ukaharibu ushahidi. Muwahishe hospitali, Ligula ya Mtwara, Ndanda au Sokoine ya Lindi, popote palipo karibu. PF3, fomu ya matibabu ya aliyeumizwa, hutolewa polisi, na Dawati la Jinsia na Watoto ni lake pia, ila fomu isicheleweshe matibabu. Akiogopa kwamba atashtakiwa yeye, mweleze: kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, cha kuingiliana kinyume cha maumbile, kinamwadhibu aliyeruhusu, na aliyelazimishwa hakuruhusu.

Msamaria alitoa dinari mbili, akasema, "nitakaporudi". Toa nauli ya kwenda kupima VVU. Baada ya wiki sita, na tena baada ya miezi mitatu, rudi umsindikize.