Nilisema dume

Juzi usiku binti yangu kanijia na daftari la baiolojia. "Baba, mtoto akiwa tumboni anajuaje kama atakuwa wa kike au wa kiume?" Nikamjibu mbio mbio: mwanzoni kila kijusi kina mirija ya aina zote mbili, ya kike na ya kiume; mmoja hukua, mwingine hunywea. Kaandika, kaenda zake kulala. Mimi nikabaki na farasi wa Kigamboni.

Enzi zile bado namshikia mkoba Dokta, daktari wa mifugo. Tulivuka na pantoni ya alfajiri, daraja halijajengwa, tukakuta tumbo limeshamsokota farasi wa watu hadi amekufa, na mimba ya miezi kama 8. (Farasi hubeba karibu miezi 11.) Mwenyewe, mzee wa makamo ya babu yangu, akaomba tumpasue.

Kijusi tukakilaza juu ya turubai. Kwato laini kama nyama ya dafu. Manyoya bado, isipokuwa midomoni na kwenye kope. Nikapasua tumbo, nikakuta vitu viwili vya kahawia, vizito, kimoja kinajaza kiganja. Korodani nani asiyezijua? Nikapaza sauti: "Dume!"

Mzee alikuwa mlangoni. "Nilijua," akasema, akalitaja jina alilokuwa amemwekea, akatoka.

Dokta akafuata kwa kidole mpaka penye pembe mbili za mfuko wa uzazi. "Hizi ovari, bwana mdogo. Na kabla ya kisu, mtu hunyanyua mkia kwanza." Akanipasulia za mama mtu nilinganishe: ndogo kuliko za mtoto aliyekuwa tumboni mwake! Huku ananawa akaniambia kwamba farasi ndivyo walivyo. Katikati ya mimba tezi za uzazi za kijusi, awe dume au jike, hufura, zinatoa malighafi ambayo kondo la nyuma huigeuza kuwa estrojeni, homoni ya kike, na kuzaliwa kukikaribia husinyaa.

Nikatoka kumtafuta mzee. Alikuwa chini ya mwarobaini anamwonyesha kijana pa kuchimba, na lile jina halimtoki mdomoni. Nikamwuliza bomba la maji liko wapi. Mpaka leo sijui kama nilimhurumia yeye au nilijionea aibu tu.

Kwenye pantoni Dokta akaniuliza, "Umemwambia?"

Nikasema ndiyo.