Siku niliyojibu lalamiko la uongo kuhusu picha ya kofia

Saa 11 alfajiri

Siku hizi, kabla hata sijatia udhu, tayari nimeishika simu. Zamani sikuwa na tabia hiyo. Nimeipata tangu nilipoanza kuuza kofia za mkono katika soko la mtandaoni lililoko Marekani, kwa kuwa wao wanapokuwa kazini sisi huku Lamu tumelala, na habari mbaya hutufikia usiku. Jumanne hii nilikuta barua pepe moja tu. Tangazo la kofia yangu ya vito, yaani ya tundu ndogo ndogo zilizozungushiwa uzi, ile ya mfano ambayo wateja huitazama wakaagiza wadariziwe ya namna yake, lilikuwa limeondolewa, kwa sababu kuna mtu aliyedai kwamba picha zilizomo ni zake.

Niliswali kwanza. Nilijua kwamba siku nzima ingeishia katika jambo hilo.

Saa 1 asubuhi

Nilimimina chai, nikaweka mahamri mezani, nikaisoma barua ile polepole mara tatu. Sikuwa nikitafuta jina la mlalamikaji, bali aina ya lalamiko lenyewe, kwa maana mwaka jana nilikosea hapo na kosa hilo likanigharimu msimu mzima. Wakati ule mtu mmoja aliyesajili nembo yenye neno "Lamu" ndani yake alililalamikia kila tangazo lililotaja mji wetu, likiwemo langu lililosema tu kwamba kofia imedariziwa Lamu. Nilijaza fomu ya kupinga inayohusu hakimiliki, ikarudishwa, kwa sababu lalamiko lile lilikuwa la alama ya biashara, ambalo halina utaratibu wa kisheria wa notisi ya kupinga, yaani jibu rasmi la muuzaji la kutaka tangazo lake lirudishwe. Muuzaji hubaki kutegemea kanuni za jukwaa lenyewe, yaani hilo soko la mtandaoni. Laiti ningejua, ningewaandikia tangu siku ya kwanza kwamba sheria ya alama za biashara ya Marekani, ile ya mwaka 1946, inamruhusu mtu kutumia neno kwa nia njema kueleza mahali bidhaa yake inakotoka, hata kama neno hilo limo katika alama ya mtu mwingine. Lamu ni mji kabla haijawa nembo ya mtu yeyote, na niliumia sana kukatazwa kulitaja jina la mahali nilipozaliwa.

Safari hii lilikuwa lalamiko la hakimiliki, nalo lina mlango wake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu hakimiliki katika mitandao, kifungu cha 512, inaipa kampuni yenye jukwaa kinga ya kutodaiwa fidia iwapo itakiondoa haraka kitu kilicholalamikiwa. Ndiyo maana hawachunguzi kwanza. Kifungu hicho hicho kinawataka wawe na kanuni ya kuzifunga akaunti za wanaorudia kukiuka, bila kutaja idadi ya mara. Kila jukwaa hujiamulia. Muuzaji anayenyamaza akidhani kwamba ukweli utajitokeza wenyewe hujikuta amehesabiwa kosa ambalo hakulitenda, na likija la pili au la tatu, duka lote limefungwa.

Saa 3 asubuhi

Niliichukua kofia yenyewe kabatini nikaenda nayo Langoni kwa mdarizi aliyeishona, mzee wa makamo ya baba yangu ambaye humwita kila mtu mwanawe. Nilimwonyesha kwenye simu picha iliyowekwa katika duka la mlalamikaji. Ilikuwa imekatwa pembeni ili ukuta wetu wa chokaa usionekane, na rangi zake zilikuwa zimekolezwa kidogo.

Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaiweka kofia juu ya goti lake akaizungusha taratibu.

"Hapa, mwanangu," alisema, akiweka ncha ya sindano upande wa kushoto wa mshono. "Uzi uliniishia nilipofika tundu hili, nikatia mwingine wa rangi tofauti kidogo. Zitazame tundu nne, halafu uitazame picha yao."

Nilizihesabu. Tundu nne zilizozungushiwa uzi wa manjano iliyofifia zilikuwa kwenye kofia, na tundu nne zile zile, mahali pale pale, zilikuwa kwenye picha yao. Mimi niliyeipiga picha hiyo na kuitazama kila siku sikuwa nimewahi kuziona. Kofia ya namna hii humchukua mdarizi wiki nyingi, tundu moja baada ya moja, na mkono wa mtu haurudii kosa lake mara mbili kwa kipimo kile kile. Nilimwomba ruhusa nimpige picha akiishika kofia, kidole chake kikiwa kwenye tundu hizo. Alikubali, ila alitaka kwanza abadilishe shati.

Tulizungumza pia kuhusu mapambo yenyewe, kwa kuwa mlalamikaji aliandika kwamba hata "muundo" ni wake. Mzee alisema alifundishwa na nduguye, naye nduguye alifundishwa na mtu mwingine wa mtaa huu. Pambo la kale kama hilo halina mtu mmoja wa kulidai, na Kenya imekuwa na sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni tangu mwaka 2016. Hata hivyo niliamua kutolitanguliza jambo hilo katika jibu langu, kwa sababu mtu anayesoma fomu mia kwa siku anahitaji ithibati moja iliyo wazi, na yangu ilikuwa picha.

Saa 5 asubuhi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la muuzaji wa mtandaoni ni faili la asili la picha. Nakala nilizokuwa nazo kwenye simu zilikuwa zimepitia WhatsApp, ambayo huipunguza picha na kuifuta ile taarifa ya ndani inayoonyesha tarehe, saa na aina ya simu iliyotumika. Nakala kama hizo hazithibitishi chochote. Simu niliyopigia picha iliingia maji ya chumvi nikivuka kwenda Shela, nikaiacha.

Nilimpigia mpwa wangu, anayenisaidia kupanga matangazo. "Shangazi, kadi ya kumbukumbu ninayo mimi," aliniambia, na nusu saa haikupita alikuwa barazani kwangu. Zilikuwemo picha 23 za siku ile ile ya Februari, zikifuatana dakika kwa dakika, pamoja na zile zilizoharibika kwa sababu punda alipita na kutia kivuli. Duka la mlalamikaji lilifunguliwa Aprili. Kwa maoni yangu zile picha zilizoharibika zilikuwa na uzito kuliko zile nzuri, kwa kuwa mwizi wa picha hunakili ile moja iliyochapishwa. Nyingine 22 hana.

Saa 7 mchana

Baada ya swala ya adhuhuri nilikaa kuiandika notisi ya kupinga. Sheria imetaja yanayotakiwa: sahihi, ambayo yaweza kuwa ya kielektroniki, maelezo ya kilichoondolewa na mahali kilipokuwa, kauli, ambayo ukidanganya waweza kuadhibiwa kwa kiapo cha uongo, kwamba unaamini kwa nia njema kuwa kiliondolewa kwa makosa, jina, anwani na namba ya simu, na ukubali kwamba unaweza kushtakiwa katika mahakama ya shirikisho ya Marekani, ambayo kwa sisi tulio nje ya nchi hiyo ni ile ya wilaya yoyote ambako jukwaa hupatikana.

Hapo ndipo wengi wetu hukata tamaa. Nyumba za Mji wa Kale hazina namba, na vichochoro vyetu havimo katika orodha ya fomu zao, basi niliandika sanduku la posta, msimbo 80500, nikaongeza mtaa na msikiti ulio karibu. Nilijua pia kwamba anwani hiyo ingepelekwa moja kwa moja kwa mtu aliyenizulia uongo. Mama yangu, aliyekuwa akichambua mchele karibu yangu, aliuliza, "Basi watakuita Marekani kwa ajili ya kofia?" Nilimweleza kwamba kukubali mamlaka ya mahakama si kukubali kosa, na kwamba mlalamikaji ndiye atakayelazimika kwenda kufungua kesi akitaka tangazo liendelee kufungwa. Hakuridhika. Hofu yake naielewa, maana nami niliisoma sentensi hiyo mara nyingi kabla ya kuitia sahihi.

Kilichonipa moyo ni kwamba kifungu hicho cha 512 hakimwachi huru anayedanganya kwa kujua. Anaweza kudaiwa fidia. Mwaka 2004 mahakama ya shirikisho huko California iliamua hivyo dhidi ya Diebold, kampuni ya mashine za kupigia kura, katika kesi iliyofunguliwa na wanafunzi wawili na shirika lisilo la faida linalotoa huduma za intaneti, na kampuni hiyo ikalipa dola 125,000. Niliandika pia kwamba Kenya na Marekani zote zimo katika Mkataba wa Berne, sisi tangu 1993 na wao tangu 1989, na kwa hiyo picha iliyopigwa kwenye baraza ya Lamu inalindwa kwao kama wanavyozilinda picha zao wenyewe. Niliambatisha picha sita, na ile ya kidole cha mzee niliitanguliza. Saa 9 kasoro dakika 10 niliituma.

Saa 10 jioni

Nilipeleka vifurushi viwili gatini, vikavuka na boti kwenda Mokowe. Kazi haisimami.

Saa 2 usiku

Mlalamikaji aliniandikia mwenyewe. Alisema nikimtumia dola 150 ataliondoa lalamiko lake "kwa amani". Sikumjibu. Niliihifadhi barua yake yote, pamoja na vichwa vyake vinavyoonyesha ilikotoka, nikaipeleka kwa jukwaa kama nyongeza ya notisi yangu. Ninamwomba kila muuzaji mwenzangu asilipe hata senti moja, kwa sababu anayelipa leo huandikwa katika orodha ya wanaolipa, na kesho lalamiko lingine litakuja kwa jina jipya.

Saa 4 usiku

Jibu la jukwaa lilikuwa fupi: notisi imepokewa, nakala imepelekwa kwa mlalamikaji. Asipofungua kesi, wanatakiwa kulirudisha tangazo si kabla ya siku 10 za kazi wala si baada ya siku 14. Nilichukua kalenda ya ukutani nikahesabu, nikiziruka Jumamosi na Jumapili, nikatia alama kuanzia Jumanne ya wiki ya pili hadi Jumatatu inayoifuata. Kofia niliifunga katika kitambaa nikairudisha kabatini, na nikamwandikia mpwa wangu kwamba hata akija mteja mlangoni na fedha mkononi, hiyo haiuzwi.