Mji uliozaliwa na tanuru

Babu yangu alikuwa mtu wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, na jina hilo hakuliacha hata baada ya Mobutu kuitaifisha kampuni mwaka 1967, ikaja kuitwa Gécamines. Hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, kampuni ilikuwa baba na mama: nyumba ya kambi, posho ya unga, shule, hospitali. Tanuru lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, mji wenyewe ukiwa na mwaka mmoja tu. Kwa hiyo msiniambie kiwanda kilijengwa mjini. Mji ndio uliojengwa kiwandani.

Posho, babu aliizungumzia kila siku. Desemba 1941, wagomaji wa mshahara walipopigwa risasi uwanjani, hakuitaja ila ukimbana sana.

Bomba la moshi bado limesimama kando ya terili, mlima mweusi wa mabaki ya shaba. Zamani ilikuwa takataka, leo inamegwa kwa ajili ya madini ya kobalti. Mwaka 2003 wafanyakazi wa Gécamines zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa mpango ulioitwa wa hiari (hiari ya mtu asiyelipwa, basi!). Mtaani kwetu wazee wa enzi hizo wanabishana bei ya kobalti kila jioni, tena kwa sauti, kama wenye mali.