Mwenye duka wetu wa Muheza nilimpata kwenye madeni

Kwenye ukoo wetu kila mtu anajua baba yake babu alikuwa na duka Muheza. Hilo halina ubishi, limesimuliwa kwenye kila msiba na kila harusi, ila ukiuliza duka lilianza lini, lilikuwa la namna gani na lilikufaje, hapo kila mzee ana lake. Mmoja anasema alikuwa na mali kuwapita Wahindi wa pale, mwingine anasema kilikuwa kibanda tu cha chumvi na viberiti. Na kuhusu lilivyokufa ndo balaa kabisa, kuna wanaosema alifanyiziwa na mdogo wake, na kwa maneno hayohayo upande mmoja wa ukoo mpaka juzi hapa ulikuwa hauendi kwenye misiba ya upande wa pili. Kilichonisukuma nianze kutafuta ni hicho kwa kweli, wala sio sifa za duka.

Sasa wadau, ukianza kumtafuta mtu wa zama zile usiende na akili ya cheti cha kuzaliwa. Hakuna. Serikali ya Mjerumani, na ya Mwingereza baada yake, haikuwa na habari umezaliwa lini, ilikuwa na habari na kodi yako, kiwanja chako, leseni yako na ugomvi wako. Mwenye duka ana bahati kidogo kumzidi mkulima maana hayo yote manne anayo. Halafu jina peke yake halikusaidii, watu walikuwa wanaandikwa jina lao bin jina la baba basi, na karani mmoja anaandika Hamisi mwingine Khamis mwingine Hemedi na wote wanamsema mtu yuleyule, kwa hiyo mimi nilishika mahali na kazi kwanza, jina likaja nyuma.

Mahali nilipajua, Muheza. Nikaanza kusoma habari za pale nikaona kumbe hata huo mji wenyewe umebebwa na reli. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, 1896 ikafika Muheza, kampuni iliyokuwa inajenga ikaishiwa hela serikali ikaichukua reli 1899, Korogwe imefika 1902, Mombo 1905. Mwaka huohuo wa 1893 ndo Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, akaleta miche ya katani kutoka Florida, iliyofika hai ni 62 tu, na kutoka hapo yakaja mashamba yote yale tunayoyaona mpaka leo ukipita barabarani. Reli na katani maana yake manamba, yaani vibarua waliotoka mbali kuja kufanya kazi mashambani, na manamba maana yake mtu wa kuwauzia vitu. Duka la mzee wetu limezaliwa hapo katikati.

Hilo sio la kubahatisha, nimeliona kwenye daftari. Shangazi yangu alikuwa na sanduku la bati la bibi yake, ndani kuna kanga zilizochakaa, risiti za kodi, na daftari moja halina jalada, limeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Nilimpelekea mwalimu wa madrasa mmoja mtu mzima sana, akavaa miwani akalisogeza dirishani akaanza kunisomea taratibu mimi naandika. Kila mstari jina la mtu, halafu kwao, halafu alichochukua. Fulani Mnyamwezi, kaniki moja, mafuta ya taa chupa moja. Fulani Mngoni, jembe, chumvi, tumbaku. Aliyelipa amepigwa mstari wa wino juu ya jina lake, ambaye hajalipa jina limebaki wazi, na kuna kurasa za mwisho majina yako wazi kuanzia juu mpaka chini. Pembeni ya majina mengine kuna vijistari vidogo vidogo, mwalimu akasema huyu alikuwa anahesabu kitu, na nilipokuja kusoma habari za kipande, yaani kadi ya kuhesabia siku za kazi za kibarua, nikaelewa, kipande cha mashambani kilikuwa cha siku 30, mpaka ziishe ndo unalipwa. Nadhani mzee alikuwa anahesabu siku za wateja wake ili ajue nani anakaribia kupokea mshahara.

Daftari halina tarehe hata moja ila hela zimeniambia. Kurasa za mwanzo zina rupia na heller, sarafu ndogo za kuvunjia rupia, na heller Wajerumani wameileta 1904, kabla ya hapo rupia ilikuwa inavunjwa kwa pesa 64. Kwa hiyo duka lilikuwepo baada ya 1904, wakati wa Mjerumani. Mbele huko, wino mwingine na mwandiko umeanza kutetemeka, mahesabu ni ya shilingi, na shilingi ya Afrika Mashariki imekuja mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mtu mmoja kavuka tawala mbili na vita kuu ya kwanza na duka lake bado linakopesha majembe! Niliposikia hilo nilijikuta namheshimu kwa namna ambayo hadithi za harusini hazikuwahi kunifanya.

Baada ya hapo nikaenda Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar. Unajaza fomu, unapewa orodha za mafaili, unachagua, unaletewa. Uende na penseli, kalamu ya wino haitakiwi. Vile vitabu vya wilaya walivyokuwa wanaandika mabwana shauri, yaani maafisa wa wilaya wa kikoloni, viko kwenye maikrofilamu na vinafaa kwa kujua hali ya mahali, masoko, machifu, koo, lakini mtu mmoja mwenye duka dogo humkuti humo. Mtu mmoja unamkuta kwenye mafaili ya barua za ofisi ya wilaya, yale yanayoonekana ya kuchosha, viwanja vya soko, leseni za biashara, malalamiko. Usiyaruke hayo.

Na humo ndimo nilimokuta sheria ambayo sikuwahi kuisikia. Mwaka 1923 Mwingereza alitunga sheria Tanganyika ya kuzuia mikopo kwa wenyeji, kwamba asiye mwenyeji akimkopesha mwenyeji hawezi kumdai mahakamani mpaka mkopo uwe umekubaliwa kwa maandishi na afisa wa serikali. Walisema ni kumlinda Mwafrika asinyonywe. Sawa, lakini wewe fikiria ni mwenye duka Mwafrika, mzigo wote wa jumla uko kwa mfanyabiashara Mhindi, na huyo Mhindi anajua akikupa marobota ya nguo kwa mkopo ukakataa kulipa hana pa kukupeleka. Atakupa? Mwenzako wa duka la jirani ambaye ni Mhindi anakopeshwa bila shida yeye, wewe uende na hela mkononi, kwa hiyo unaanza biashara umeshaachwa nyuma. Mimi sheria hiyo inaniuma na sioni sababu ya kuipamba.

Ila sheria hiyohiyo ndo imenipa mzee wangu. Maana kama mkopo lazima uandikwe na ukubaliwe basi lazima kuwe na karatasi, na karatasi ipo. Maombi yake ya miaka ya mwisho ya 1920, jina lake na la baba yake, Muheza, kazi ni mwenye duka, anaomba aruhusiwe kuchukua bidhaa za nguo kwa mkopo kwa tajiri mmoja wa Tanga, na dhamana aliyoweka ni minazi aliyorithi kwa mama yake. Minazi hiyo naijua! Yaani habari ya minazi iliyopotea nimekua nikiisikia, ndo hiyohiyo wanayosema mdogo wake aliiuza kwa siri.

Hakuiuza. Aliiweka rehani mwenyewe kaka mtu, kidole gumba chake kipo pale chini kwenye karatasi, na pembeni mdogo wake amewekwa kama shahidi.

Halafu angalia miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 dunia nzima iliingia kwenye mdororo, bei ya katani ikaanguka vibaya, mashamba yakapunguza watu na mishahara ikashuka. Duka ambalo wateja wake wote ni manamba na wote wanakopa mpaka kipande kiishe litapona vipi? Zile kurasa za mwisho zenye majina ambayo hayajapigwa mstari sasa zinasomeka vizuri tu. Wateja walirudi kwao hawajalipa kwa sababu na wao hawajalipwa, mzee akashindwa kumlipa tajiri wa Tanga, minazi ikaenda. Hakuna uchawi hapo.

Nilipiga picha kila kitu kwa simu, nikamtumia shangazi, na yeye akazipeleka kwa wazee wa upande wa pili. Mzee mmoja wa kule alinipigia akaniuliza swali moja tu, kama kweli jina la baba yake limo kwenye ile karatasi, nikamwambia ndiyo mzee, limo, kama shahidi. Tangu hapo wamekuja kwetu na sisi tumeenda.

Kwa wale mnaotafuta nje ya Bara, Zanzibar mna Nyaraka pale Kilimani na gazeti la serikali lililoanza 1892, Kenya kuna Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue Nairobi, na gazeti lao la serikali toka 1899 matoleo mengi yako intaneti, unaandika jina unatafuta. Matangazo ya mirathi na ya waliofilisika ndo ya kuanza nayo kama unamtafuta mwenye duka.

Mimi sasa hivi nahamia kwenye magazeti. Nataka kupitia Kiongozi lililokuwa linatoka Tanga kabla Waingereza hawajauchukua mji mwaka 1916, halafu Mambo Leo toka 1923 maana watu wa miji midogo walikuwa wanaliandikia barua nyingi, na mwisho Kwetu, gazeti alilolianzisha Erica Fiah mwaka 1937, na yeye mwenyewe alikuwa na duka Dar. Duka la Muheza lilikuwa limeshafungwa miaka hiyo, ila mzee wetu alikuwa bado hai, na mtu aliyekopesha majembe miaka yote ile sidhani kama alikosa la kuandika.