Bakora ya Baba

Jana jioni nilimkabidhi Baba bakora yake ya mpingo, na usiku furaha ikaninyima usingizi. Tangu alipoanguka bafuni mwezi wa Ramadhani amekuwa akishika ukuta kutoka chumbani hadi barazani, ilhali mkongojo wa alumini tuliomnunulia aliuegemeza nyuma ya mlango na hakuugusa tena. "Mkongojo ni wa mgonjwa, mwanangu," aliniambia, nami nilimwelewa. Marehemu Babu, kama wazee wengi wa Lindi, hakwenda msikitini siku ya Ijumaa bila kanzu, kofia na bakora, na bakora ile ilikuwa heshima yake miaka mingi kabla ya kuwa egemeo lake.

Fundi wa Mwenge, Dar es Salaam, alinitaka niwe na subira, na miezi minne ikapita. Mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa, na hata hapo shina lake huwa fupi, lenye mifereji na lililopindapinda, kwa hiyo kipande kilichonyooka cha sentimita 90 kisicho na ufa hupatikana kwa bahati. Kilicho kizuri sana huishia kuwa klarineti Ulaya. Niliuliza gogo limetoka wapi, kwa kuwa jambo hili linanigusa: kule Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC, baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu, mwaka 2009 kwa kutunza misitu yao, na ningeona haya Baba kuegemea mti ulioibwa. Fundi alinionyesha karatasi za gogo pasipo kunung'unika.

Kipande cha kwanza kilipasuka kikiwa kinakerezwa, kwani kiini chake kilikuwa hakijakauka. Safari ya pili alichukua vipande viwili vifupi, akaviunga kwa chuma ndani na pete ya shaba nje, na leo naiona pete ile kuwa ndiyo uzuri wa bakora yote. Kwenye mpini aliacha kwa makusudi ukanda mwembamba wa mti wa nje, wenye rangi ya maziwa yaliyoganda, ukipita katikati ya weusi. Hakupaka vanishi, ni msasa na nta tu, nao ukang'aa kama kokoto iliyotoka majini sasa hivi.

Baba aliipima mkononi, akaridhika na uzito wake, unaozidi nusu kilo kidogo. Tatizo likawa urefu. Nilikuwa nimempima hadi kwenye kifundo cha mkono akiwa amevaa viatu, naye nyumbani huvaa ndala. Leo asubuhi fundi amekata sentimita mbili na kurudisha kiatu cha mpira. Kile kipande kilichobaki Baba alikiomba, akamwita mjukuu wake, akakitumbukiza katika bilauri ya maji, nacho kikazama moja kwa moja hadi chini.