Chungu cha bibi kimenipasukia

Juzi nimevunja chungu cha maharage, kile alichonifinyangia bibi mwenyewe, kiliteleza tu mkononi na povu la sabuni pwaa chini. Sasa wakati naokota vigae ndo naona shingoni kuna vitundu vidogo vidogo vimejipanga mistari kwa mistari, miaka yote nakula maharage ya kile chungu sijawahi kuviangalia!

Usiku nikazama intaneti, bando lote likaisha. Mimi nilidhani nakshi za vyungu vya kale ni mambo ya michoro, kumbe utamu uko kwenye kile kitu walichochorea. Kule Japani vyungu vya kale wanaviita Jomon, yaani alama za kamba, na jina limetokana na Mmarekani Edward Morse aliyechimba jalala la makombe pale Omori, Tokyo, mwaka 1877. Walikuwa wanachukua kamba wanaiviringisha kwenye udongo ungali mbichi ndo wanachoma. Kamba zenyewe zilishaoza zamani lakini msokoto umebaki kwenye udongo, mpaka leo unaona ilisokotwa kuelekea upande gani. Na hao watu gurudumu la kufinyangia hawalijui, kazi yote ni mikono na moto wa wazi, wanaishi kwa kuwinda, kuvua na kuokota matunda ya porini. Halafu miaka kama 5,000 iliyopita wa upande wa Niigata wakaona kamba haitoshi, wakaanza kupandisha midomo ya vyungu kama ndimi za moto, mapembe kila upande, na vingine vimekutwa na masizi kabisa yaani vilipikiwa. Mwiko walikuwa wanaupitishia wapi jamani.

Sudan nako, Khartoum, wavuvi wa Nile waliburuza mwiba wa kambare kwenye udongo ikatoka mistari ya mawimbi. Wa pwani za Mediterania wakagonga ganda la kombe. Hapa kwetu Maziwa Makuu vyungu vya Urewe, vya zaidi ya miaka 2,000, vingi vina kishimo kitakoni, kama mtu kabonyeza kidole.

Asubuhi nikampigia bibi, nikamuuliza vile vitundu alichorea nini.

"Gunzi la mahindi mjukuu wangu, ulitaka nichoree nini?" Akanyamaza kidogo. "Mbona unauliza leo, umekivunja?"